Bwawa Tulilobishania

Niliagwa kazini kwa pilau na saa ya ukutani. Nashukuru. Ila kijana aliyesoma risala alisema kwamba nilipigania sana mabwawa, na hapo nikaona heri niandike mwenyewe.

Nilizaliwa upande wa Same, nikachunga mbuzi, nikasoma kidogo, nikaajiriwa askari wa wanyamapori Mkomazi ilipokuwa bado pori la akiba. Lilitengwa mwaka 1951, likawa hifadhi ya taifa 2008. Mvua nyingi huishia milimani, Upare na Usambara. Sisi wa huku nyuma tunapata masalia.

Aliyenifunza kazi alikuwa mzee asiyejua kusoma. "Mwanangu," aliniambia, "usimtafute swala twiga majini. Yeye hunywa mti." Akanionyesha dume limesimama kwa miguu miwili, shingo imezama ndani ya mgunga, linachambua majani mateke. Maji yake yote yamo humo. Choroa naye huacha mwili upate joto mchana kutwa kuliko kupoteza maji kwa jasho. Dikidiki na tandala mdogo ni wa ukoo huohuo wa wavumilivu.

Kisha akaja mkuu mmoja wa pori aliyependa kuchimba mabwawa. Mzee akampinga mbele ya watu: ukiweka maji ya kudumu, pundamilia na nyati hawahami kiangazi, nyasi zinakwisha, simba wanawafuata, na wanaoumia ni wale wasioomba maji. Mkuu akajibu kwamba wageni wanataka tembo. Bwawa likachimbwa, mzee akahamishiwa getini.

Mzee hakuwahi kusikia habari za Kruger, Afrika Kusini. Huko visima viliwavuta pundamilia hadi kaskazini, simba wakaja nyuma yao, swala aitwaye korongo akapungua vibaya, na tangu miaka ya 1990 wakuu wa hifadhi wakaanza kufunga visima vingi. Kweli, tembo wa Tsavo, upande wa Kenya, huvuka mpaka kuja kwetu, na wakikosa maji huishia kwenye mahindi ya watu. Hoja hiyo simnyimi mkuu. Lakini getini? Mtu yule?

Nanyi vijana mnaoegesha gari bwawani na kufungua simu, ondokeni hapo. Nendeni vichakani asubuhi, upepo uwapige usoni, mnyamaze. Kanga tumbusi watapita kwanza, na shingo zao za samawati. Mgeni akinung'unika kwamba hajaona simba, mwambieni kiingilio alicholipa si bei ya simba.