GPS ikidanganywa, rubani amwamini nani?

Leo tuache kidogo mambo ya seva na hifadhidata, tutazame juu.

Hapa Ngaremara anga ni kubwa na majengo marefu hakuna, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kusikiliza ndege. Sisemi mngurumo. Ndege kubwa za abiria hutangaza habari zake kwa redio, kwenye masafa ya 1090 MHz: namba yangu ni hii, niko mahali hapa, nimepanda juu kiasi hiki. Mahali ilipo hutangazwa kama mara mbili kila sekunde. Kuzinasa unahitaji kile kidude cha USB cha kunasia televisheni, waya wa shaba wa sentimita 6.9 uwe antena, na programu ya bure iitwayo dump1090. Antena yangu iko juu ya bati. Kwenye skrini naona ndege za Nairobi kwenda Doha zikipita karibu kabisa juu ya kichwa changu.

Kama unaandika programu, swali linakujia hapo hapo: nitajuaje kwamba aliyetuma ujumbe huu ni ndege kweli? Hutajua. Ujumbe una biti 112, hauna sahihi wala neno la siri. Na hilo "niko mahali hapa" ndege yenyewe imelipata kwa GPS, ambayo kwa matumizi ya raia nayo haina sahihi. Sisi mtu akibisha hodi tunauliza "nani?" kabla ya kufungua. Ndege inafungua tu.

Kwa miaka mingi hilo halikuwa tatizo kubwa. Sasa ni tatizo. Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 juu yetu, na mawimbi yake yakifika hapa chini ni dhaifu mno. Mtambo wa ardhini unaweza kuyafunika, au, vibaya zaidi, kutuma mawimbi ya kughushi yanayofanana nayo. Majeshi hufanya hivyo kupoteza droni na makombora, na ndege ya abiria inayopita jirani inapotezwa pamoja nayo. Septemba 2023 marubani waliopita karibu na Iraq walianza kuripoti kwamba mitambo yao inaonyesha wako mahali wasipokuwepo. Mwaka 2024 ndege zilizokuwa mbali na Beirut zilionekana kwenye ramani za intaneti zikiwa zimekaa uwanja wa ndege wa Beirut. Kundi la marubani na wahudumu wa safari za ndege liitwalo OPSGROUP lilihesabu kama safari 300 kwa siku zilizoathirika Januari 2024. Kufikia Agosti zilikuwa 1,500.

Utasema, rubani si ana macho na redio? Anavyo. Hofu yangu iko kwenye jambo jingine: kengele.

Ndege ina kifaa kinacholinganisha mahali ilipo na ramani ya milima iliyohifadhiwa ndani yake, na kikiona hatari kinapiga kelele rubani apandishe ndege. Sisi tunaoishi upande huu wa Mlima Kenya tunajua thamani yake. Julai 2003 ndege ndogo ya kukodi iliyotoka Wilson kwenda Samburu, hapo jirani yetu, iligonga Point Lenana, na watu wote 14 wakafa. Lakini kifaa hicho kikilishwa mahali pa uongo, kinapiga kelele ya mlima wakati ndege iko kilomita 11 juu na chini yake hakuna kitu. Mara ya kwanza rubani anashtuka. Mara ya kumi anakizima. Je, siku mlima ukiwa wa kweli?

Na kuitii kengele ya uongo nako kunaua. Tarehe 30 Januari 2000, ndege ya Kenya Airways KQ431 iliruka Abidjan usiku, na mara tu ilipoacha ardhi king'ora kikalia kwamba inaishiwa nguvu ya kuelea. Haikuwa kweli. Pua ikashushwa na ndege ikaingia baharini. Kati ya watu 179, walipona 10.

Redio nayo ina ugonjwa ule ule. Sauti ya mwongoza ndege haina kitambulisho. Mapema mwaka 2024, wakati Somalia na Somaliland zinagombania anga, marubani walionywa kwamba kwenye masafa hayo hayo wanaweza kusikia sauti mbili zikitoa amri zinazopingana. Fikiria uko usiku na abiria 200, mmoja anakwambia panda na mwingine anakwambia baki hapo hapo.

Dawa ziko, ila zinakuja polepole. Mwaka 2025 mfumo wa Galileo wa Ulaya ulianza rasmi kutuma ujumbe wenye sahihi, lakini ndege nyingi zilizoko angani leo hazikuundwa kuisoma. Kwa sasa kinga ni vitu vya zamani: mitambo inayopima mwendo wa ndege yenyewe bila kutegemea mawimbi ya nje, na minara ya VOR ya ardhini, ambayo nchi nyingi zimekuwa zikiipunguza kwa sababu ni ghali. Mimi naona Kenya isiwe na haraka ya kuing'oa. Hakuna mwandishi wa programu makini anayefuta nakala ya akiba kwa sababu diski mpya inang'aa.

Dada yangu mdogo anafanya kazi Doha na hurudi nyumbani mara moja kwa mwaka. Usiku anaosafiri nakaa kwenye skrini naisubiri namba ya ndege yake itokee. Najua inachoniambia ni kile tu ambacho ndege inaamini. Kilichobaki kiko mikononi mwa watu wawili walioko mbele, wenye mazoea ya kulinganisha saa, dira, mafuta na ramani kabla ya kuamini kioo. Mashirika ya ndege yawape muda wa kufanya mazoezi hayo, hata kama ni gharama.

Haya, tuonane wiki ijayo.