Mama wa Bibi Harusi Naye Apimwe



Binti akivunja ungo, huko kwenu visiwani ana somo wake. Akiposwa, huku kwetu ana shangazi, ambaye atakaa naye chumbani amfunze mambo ya nyumba na ya mume. Akijifungua watakuja majirani na uji na supu. Lakini mwanamke akifika pale hedhi inapokoma, nani anabisha hodi? Hapo anaachwa ajijue mwenyewe.

Sisi ni mafundi cherehani wa Rugera. Kwa wasiopajua, ni mkoa wa Kagera, kwenye vilima vya Karagwe na Kyerwa, nchi ya migomba na kahawa inayopakana na Rwanda na Uganda, na asubuhi za mwezi wa sita na wa saba watu hutoka na masweta. Tunashona gomesi, mishanana, mabaibui na nguo za harusi. Umri wetu bado uko kwenye thelathini, kwa hiyo haya hatuyasemi kama watu waliokwisha kuyapitia. Tunayasema kwa sababu kazi yetu hutuweka karibu na miili ya mama zetu kuliko hata mabinti zao. Futi ikizunguka kiuno, mtu huanza kusema.

Mwezi wa saba mmoja alikuja mama na binti yake aliyekaribia kuolewa. Binti tulimpima, tukamwambia mama naye asogee. Tulipofika kifuani akashika ukingo wa meza, uso ukamjaa jasho, akaomba mlango ufunguliwe. Nje ukungu ulikuwa haujaondoka kwenye migomba. Binti akacheka, "Mama na malaria yake."

Kumbe tangu Ramadhani mama yule alikuwa amepima malaria mara tatu, haikuonekana, na dawa akanunua dukani akanywa hivyo hivyo. Usiku analowanisha shuka. Usingizi ukikatika saa nane haurudi. Hedhi inakuja mwezi mmoja, inapotea miezi mitatu. Binti alipotoka nje kupokea simu, mama akatuambia kwa sauti ya chini kwamba mumewe amehamia chumba kingine, naye ameona ni afadhali. "Kazi yangu imeshakwisha," alisema.

Kwenye benchi alikuwepo bibi mmoja anayesubiri gomesi lake lipigwe pasi, ungo wa maharage mapajani. Hakuinua macho. Akasema, "Kilichokwisha ni kuzaa. Mbona miguu unayo?" Akaanza kumsimulia yake: miaka minne ya joto na hasira zisizo na sababu, shamba la kahawa alilolikatia tamaa kisha akalirudia, na Ramadhani ya kwanza aliyofunga tangu mwandamo hadi mwandamo bila deni la siku hata moja. Tuliacha kukanyaga cherehani ili tusikie. Mama alikaa pale mpaka adhuhuri.

Tangu siku ile tumekuwa tukiuliza, kwa wauguzi na kwa wanawake wenye elimu ya dini, na tuliyoyapata tunawapa wateja pamoja na nguo zao. Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Kabla ya hapo hupita miaka kadhaa ya hedhi kuyumba, kwa sababu ovari zinapunguza homoni ya estrojeni, ambayo mwili ulizoea kuitegemea kwa mambo mengi, joto la mwili, usingizi na uimara wa mifupa yakiwemo. Ndiyo maana joto linapanda ghafla kifuani na usoni, linakaa dakika chache, kisha linaacha baridi ya jasho. Kupima malaria si kosa, maana jasho la usiku laweza pia kuwa malaria kweli, au kifua kikuu. Kosa ni kumeza dawa ya ugonjwa ambao kipimo kimesema huna.

Kukoma kwenyewe huhesabiwa ikipita miezi 12 mfululizo bila damu. Kabla haijatimia mimba inaweza kuingia, shoga, usijidanganye. Tumewahi kushonea madera ya ujauzito mama na binti yake mwaka mmoja.

Na hili tunaomba lisomwe polepole. Damu ikionekana baada ya miezi hiyo 12 kutimia, hata kama ni tone, usifurahi kwamba ujana umerudi. Nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Huku kwetu kuna Nyakahanga upande wa Karagwe na Isingiro upande wa Kyerwa. Mara nyingi sababu huwa ndogo, lakini yaweza kuwa saratani ya mfuko wa uzazi au ya shingo ya kizazi, na hii ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi yetu. Ikiwahiwa inatibika. Tunajua haya ndiyo inayowachelewesha mama zetu. Basi binti amsindikize, kama alivyosindikizwa yeye siku zake za kwanza.

Kuhusu dini, watu husema umri huu kana kwamba mwanamke amefutwa daftarini. Qur'ani haikumfuta. Sura ya At-Talaq imemtaja aliyekata tamaa ya hedhi na kumwekea hesabu yake ya eda, miezi mitatu akipewa talaka. Sura ya An-Nur, aya ya 60, imewataja wanawake wakongwe na kuwapa wepesi katika vazi la juu, bila kujishaua, huku ikisifu kujisitiri. Si kwamba kila aliyekoma hedhi juzi ameingia humo, hilo muulize mwenye elimu. Sisi mafundi kinachotugusa ni kwamba Mola hakudharau hata nguo ya mwanamke mtu mzima.

Halafu kuna Bi Khadija, mfanyabiashara mwenzetu. Kwa riwaya iliyo mashuhuri aliolewa na Mtume, rehema na amani zimshukie, akiwa na miaka 40, ingawa wapo wanaosema alikuwa mdogo zaidi. Ukifuata hesabu hiyo, usiku ule mumewe aliporudi kutoka pango la Hira anatetemeka, yeye alikuwa na miaka 55. Ndiye aliyemfunika, akamtuliza, akampeleka kwa Waraqa, akamwamini kabla ya watu wote. Kazi yake kubwa kuliko zote aliifanya katika umri ambao sisi huku tunamwambia mama akae jikoni na mjukuu.

Hatusemi kwamba ni raha tupu. Mifupa hupungua nguvu, kwa hiyo maziwa, dagaa na kutembea vina maana yake, na vilima huku havina uhaba. Ukavu wa sehemu za siri upo na unauma, na wengi huuficha mpaka ndoa inapoa. Una dawa. Muulize daktari au muuguzi, na vilainishi vipo kwenye maduka ya dawa. Wengine joto huwazidi kiasi cha kuhitaji tiba, nayo ipo, wala si anasa.

Mama yule alirudi kuchukua nguo wiki mbili baadaye. Alikuwa amezungumza na mumewe. Mzee alikuwa amehama kwa sababu kila usiku blanketi linarushwa, akadhani amechokwa yeye. Wameafikiana kila mtu na blanketi lake, kitanda kimoja. Kitambaa cha kahawia alichokuwa amechagua alikikataa, akataka kijani kibichi.

Basi bibi harusi mtarajiwa, ukija kupimwa usimwache mama, wala mama mkwe, nje kwenye benchi. Mama wa umri huu tunamshauri pamba, si nailoni. Bitana tunaiweka ya pamba pia, au tunaiacha. Baibui tunalifungua mbele kwa vishikizo na ndani anavaa gauni jepesi lenye heshima, ili akiwa na wanawake wenzake alifungue bila kuhangaika kulivua kichwani. Sweta liwe la vifungo. Kiunoni tunaacha akiba ya inchi mbili ndani ya mshono, na hilo hatuwatangazii, tunaliacha tu.