Karama Ipi Iliyo Bora?

Jumamosi moja ya muhula huu, baada ya kufua nguo zetu na kuzianika, tulikaa chini ya mwembe ulio nyuma ya bweni tukibishana. Swali lilikuwa hili: kama mtu angeruhusiwa kuchagua jambo moja tu la kuzaliwa nalo, achague lipi ili aishi maisha ya furaha? Wa kwanza akasema mali, kwani mtoto wa tajiri huanza safari akiwa juu ya baiskeli na wenzake wakiwa kwa miguu. Wa pili akasema akili. Wa tatu, ambaye ni mlinda mlango wa timu yetu, akasema nguvu na afya. Wa nne akasema uzuri wa sura, nasi tukamcheka sana, maana twamjua. Kengele ya chakula ikalia kabla hatujakata shauri. Mimi sikutamka neno siku ile. Ninayo sababu, nami naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niieleze.

Mimi naitwa Doto. Msomaji aliyezaliwa Unyamwezi au Usukuma amekwisha kujua, bila ya kuambiwa, kwamba ninaye Kulwa. Tulizaliwa usiku mmoja, nyumbani kwetu Ipuli, hapa Tabora. Yeye alinitangulia kwa muda wa kuchemsha chai tu, na kwa ajili hiyo mpaka leo huniita "mdogo wangu". Lakini sisi si pacha wa kufanana. Bibi yetu alikuwa akisema, "Doto alipewa kichwa, Kulwa akapewa moyo." Nilipokuwa mdogo niliupenda sana usemi huo, maana niliona kwamba fungu kubwa ni langu.

Sasa tuzitazame karama hizo moja moja. Sisi wa Tabora hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mifano, kwa kuwa njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa.

Kwanza, mali. Hamed bin Muhammed, ambaye watu walimwita Tippu Tip, alizaliwa Unguja katika ukoo wa wafanya biashara. Baba yake alikuwa mtu mkubwa hapa Tabora, naye alimwoa binti wa Mtemi Fundikira. Basi Hamed alianza maisha akiwa na jina, jamaa na mtaji. Alijipatia pembe nyingi za ndovu na watumwa wengi, akafa Unguja mwaka 1905 akiwa tajiri. Labda alifurahi katika maisha yake. Lakini furaha iliyobebwa juu ya mabega ya watu waliofungwa minyororo, mimi siitaki, wala sidhani kwamba msomaji ataitaka.

Pili, ukoo. Isike alizaliwa katika ukoo wa watemi wa Unyanyembe, akakikalia kiti chao. Mwezi wa Januari mwaka 1893, Wajerumani wakiongozwa na Luteni von Prince walipoivunja ngome yake, aliwasha baruti ajilipue kuliko kushikwa. Twamheshimu kwa ushujaa wake, hata hivyo twaona kwamba kiti cha kuzaliwa nacho si ngao.

Tatu, nguvu. Hakuna mtu wa nchi hii aliyekuwa na nguvu kama Mirambo, ambaye mwaka 1871 alipigana na Waarabu wa Tabora akaifunga njia ya Ujiji. Alipokufa mwaka 1884, dola aliyoijenga kwa mikuki na bunduki ilianza kuvunjika upesi. Nguvu ni njema, ila humtumikia mtu muda wa ujana wake tu, kisha humwaga.

Juu ya akili sitatafuta mfano katika historia. Nitajitaja mwenyewe, kwa kuwa ndiyo karama niliyopewa.

Tangu darasa la kwanza mpaka la saba nilikuwa wa kwanza, au wa pili mwaka ambao nilikuwa na homa. Sikujua maana ya kushindwa. Matokeo ya darasa la saba yalipotoka, mimi nilichaguliwa na Kulwa hakuchaguliwa. Nakumbuka vema asubuhi ile. Kulwa alizunguka mtaa mzima wa Ipuli akitangaza, "Mdogo wangu amefaulu!" Akawaambia mama wauza maandazi, akawaambia mafundi baiskeli, akamwambia hata mzee mmoja asiyesikia vizuri, tena kwa sauti ya kumtosha. Siku ya kuripoti shuleni alilifunga sanduku langu la bati nyuma ya baiskeli akalisukuma mpaka getini. Majirani wakasema, "Kulwa ameridhika. Yeye hana neno." Nami niliamini hivyo. Yeye akafuatana na mjomba wetu kwenda misitu ya Sikonge kufuga nyuki, mimi nikabaki na vitabu.

Mwaka huu ulikuja mtihani wa majaribio. Matokeo yalipobandikwa ukutani, nilitafuta jina langu juu, kama nilivyozoea. Sikuliona. Nikashuka kwa kidole, nikashuka tena. Katika Hisabati nilikuwa nimepata F. Ndugu zangu, nilihisi kama ardhi imeniacha. Siku tatu sikuingia bwaloni. Niliandika barua kwa Baba kwamba sitafanya mtihani wa Novemba, afadhali nirudi nyumbani. Barua ile niliiweka chini ya godoro nikingoja mtu wa kumpa. Kichwa changu, kilichokuwa kikinisifu miaka yote, sasa kilitumia akili zake zote kunitukana.

Jumapili iliyofuata Kulwa alikuja kunitazama. Alikuwa na chupa ya asali na karanga za kukaanga ndani ya mfuko. "Mwangaluka, mdogo wangu," akanisalimu huku anacheka. Sikuitikia. Tulikaa chini ya mwembe ule ule. Aliponiuliza kisa nilimwonyesha barua, naye akaisoma polepole mpaka mwisho. Alipotaka kunifariji nilimkatiza kwa ukali: "Wewe huwezi kuelewa. Wewe hukuumbwa na kuumia."

Akanyamaza. Nilimwona akibandua ganda la karanga moja kwa muda mrefu. Kisha akaniambia jambo ambalo katika miaka yote hiyo sikulijua. Usiku wa matokeo ya darasa la saba alikwenda nyuma ya jiko la Bibi, akalia peke yake mpaka jogoo wa kwanza. Kisha akanawa uso, ndipo akatoka kunitangaza mtaani. "Kama ningelia mbele yako," akasema, "wewe ungekwendaje shule?"

Akanieleza habari za mizinga yake pia. Mwaka wa kwanza alichonga mizinga sita. Nyuki waliingia mmoja tu. Kiangazi moto wa msituni ukaja ukaunguza minne, na ule wenye nyuki ulikuwa mmojawapo. "Nilikasirika nikaupiga teke mti," akasema, "mguu ukavimba. Nyuki hawana habari na hasira zangu. Nikachonga mingine." Leo anayo mizinga ishirini na mitatu, na asali iliyokuwa mbele yangu ilitoka humo.

Hapo nilifahamu kwamba miaka kumi na saba nimeishi na ndugu yangu bila ya kumjua. Nilidhani moyo mkunjufu ni moyo usiosikia uchungu, kama vile mti usivyosikia shoka. La hasha. Ni moyo unaoumia kama ya watu wengine, lakini ukianguka huinuka, na ukiinuka haumtafuti mtu wa kumchukia. Nilifahamu na kosa letu jingine, ambalo nadhani latendwa katika nyumba nyingi: mwenye moyo mkunjufu hupewa fungu dogo kwa sababu halalamiki. Twasema "ameridhika", kumbe twajifariji sisi wenyewe.

Katika njia yetu ya misafara yuko mtu mmoja ambaye nadhani alikuwa na karama hii. Jina lake ni Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa Myao. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa Kilwa kwa nguo, akapelekwa Bara Hindi. Bwana wake alipokufa akapata uhuru, akarudi Afrika. Mwaka 1857 alifika hapa Tabora, wakati ule wageni wakiiita Kazeh, pamoja na Burton na Speke. Mwaka 1858 alikwenda na Speke mpaka ziwa la Nyanza. Baadaye alifuatana naye tena, wakafuata Mto Nile mpaka Misri. Mwaka 1871 alikuwa na Stanley katika safari ya Ujiji. Kisha akavuka Afrika pamoja na Cameron, wakatokea bahari ya magharibi mwaka 1875. Hakuwa malaika. Waliosafiri naye waliandika makosa yake, na Speke mwenyewe alieleza jinsi alivyompiga siku moja kwa mkono wake. Lakini waliandika pia uaminifu wake na wepesi wake wa kazi. Mtu aliyeuzwa kwa nguo akiwa mtoto angeweza kuichukia njia hii na kila aliyeipita. Yeye aliipita tena na tena, akiwa mtu huru, akiwaongoza wengine. Alikufa mwaka 1885.

Msomaji ataniuliza: je, sisi tusiozaliwa na moyo huo tufanyeje? Swali hilo ni langu mwenyewe, maana mimi ni mmoja wao. Katika somo la Baiolojia tumefundishwa urithi, na nimesoma kwamba wataalamu wa Chuo Kikuu cha Minnesota, huko Marekani, walianza mwaka 1979 kuwachunguza mapacha waliolelewa mbalimbali. Waliona kwamba tabia ya mtu hurithiwa kwa sehemu kubwa, lakini si yote. Hiyo sehemu iliyobaki ndiyo shamba langu. Mtu aliyezaliwa na mkono wa kushoto aweza kujizoeza kutumia wa kulia. Kazi yake itakuwa ya polepole, walakini kazi itafanyika.

Sisemi kwamba moyo mkunjufu watosha peke yake. Mtu hali ucheshi wake, wala ucheshi haumponyi malaria. Lakini mali bila ya moyo huo ni hofu ya wezi, nguvu ni ugomvi, na akili, kama nilivyoona mimi, yaweza kuwa fimbo ya kujipigia. Karama nyingine zote zaihitaji hii, nayo yaweza kuishi hata zikipungua.

Barua ile tuliichana, Kulwa nusu na mimi nusu. Jumatatu nilimwendea mwalimu wangu wa Hisabati nikiwa na karatasi yangu, tukaanza na swali la kwanza nililolikosa. Kadhalika nimezungumza na Baba, naye amekubali Kulwa ajiandae kwa mtihani wa maarifa, ili baadaye afanye mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Mtihani wangu ukiisha, mimi nitamfundisha jioni, naye ameahidi kunifundisha kuchonga mzinga. Amenionya kwamba wa kwanza utapasuka.

Novemba inakuja, nami sijui nitapata nini. Lakini wenzangu wakiuliza tena chini ya mwembe, safari hii sitanyamaza. Nitasema kwamba karama iliyo bora alipewa ndugu yangu, aliyenitangulia kwa muda wa kuchemsha chai, na kwamba mimi nimeanza kujifunza kwake.