Kuwatembeza Wazazi Ugenini

Ndugu msomaji, mtoto aliye ugenini akitembelewa na wazazi wake hujiona mwenyeji, na mwenyeji hupenda kuonyesha kila kitu kwa siku moja. Lakini mzee hatembezwi hivyo. Ana miguu yake, ana macho yake, na ana mengi ayajuayo kabla hajafika.

Nilipokuwa masomoni Ahmedabad, katika jimbo la Gujarat nchini India, mama alikuja kufanyiwa upasuaji wa jicho, naye baba akamsindikiza. Tulipewa siku tatu za kungoja. Mama hakuitaja hofu yake, alisema tu, “Mwanangu, nionyeshe mji huu ningali naona.”

Ahmedabad uliasisiwa na Sultani Ahmad Shah mwaka 1411, kando ya mto Sabarmati. Mwaka 2017 ulikuwa mji wa kwanza wa India kuingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Ya kutazama hayaishi. Nasi tukaafikiana mahali pamoja kwa siku.

Siku ya kwanza tuliuendea msikiti wa Sidi Saiyyed, Mhabeshi aliyeujenga karibu na mwaka 1573. Katika dirisha lake moja, jiwe limetobolewa likawa mti wenye matawi yaliyosukana mithili ya ukili. Baba ni fundi seremala. Alilitazama kwa kitambo, kisha akaanza kumweleza mama tawi kwa tawi, kwani jicho lake halikufika juu. “Ubao ukipasuka huungwa,” alisema. “Jiwe likimeguka, kazi imekwisha.” Mimi niliyeusoma msikiti ule vitabuni nilinyamaza nikajifunza.

Siku ya pili tulifika kwenye makazi ya Mahatma Gandhi. Hapo ndipo alipoondoka tarehe 12 Machi, 1930, kwa miguu hadi pwani ya Dandi, kupinga kodi ya chumvi ya Waingereza. Mama, aliyepata kuuza chumvi gengeni, hakuhitaji maelezo marefu. “Kodi ya chumvi humfikia hata asiye na mboga,” alisema.

Siku ya tatu tulikwenda Adalaj, nje ya mji, penye kisima cha ngazi cha karne ya 15, chenye ghorofa tano kwenda chini ardhini. Tulishuka polepole, tukipumzika kila ghorofa, huku mama akipapasa nakshi za mawe. “Haya,” alisema, “hata gizani nitayaona.”

Upasuaji ulimrudishia nuru kidogo tu. Hata hivyo, mji ule anausimulia mpaka leo, na wajukuu humsikiliza.

Basi, ndugu msomaji, wazazi wakikufikia ugenini, punguza safari, uzidishe vituo. Chukua maji, tafuta kivuli. Na kabla hujawaeleza unachokijua, waulize kwanza wanaona nini.