Rangi ya Kujificha, Chapa ya Kujitaja

Ndege ya vita hubeba mashauri mawili yasiyopatana. Rangi yake husema, "Sipo hapa." Chapa yake husema, "Ni mimi huyu." La kwanza huambiwa adui, la pili huambiwa rafiki, na yote mawili hupakwa juu ya bawa moja, kwa brashi moja, na fundi mmoja. Sisi tunaoshughulika na ushairi tunaijua hali hiyo kwa jina jingine. Twaiita fumbo. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atalifumbua; yaani neno lilelile moja hufungwa kwa mtu huyu na kufunguliwa kwa yule.

Nimelazimika kuyawaza haya kwa sababu ya mpwa wangu, kijana anayesoma huku Chimwaga, kwenye vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma. Saa zake za mapumziko huzitumia kuunda vijindege vya plastiki, hasa vya Kijerumani vya zama za vita, na kila kimoja huja na karatasi ya maelekezo ya rangi na alama. Siku moja aliniletea karatasi hizo akasema, "Mjomba, wewe ni mtu wa lugha. Hebu niandikie haya kwa Kiswahili, niwaeleze wenzangu bila kuchanganya." Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Imenichukua majuma, na bado naendelea.

Shida ilianza na neno la kwanza kabisa. Rangi ile inayolifanya bawa lifanane na ardhi tuiiteje? Wapo wasemao kamafleji, na neno limekwisha kuvaa sauti za kwetu, sina ugomvi nalo. Mitaani tunasema mabaka, au mabakamabaka, kama vile sare za askari. Lakini baka hutaja kile jicho linachokiona tu, halitaji kusudi lake. Chui ana mabaka, na shati lililomwagikiwa mafuta nalo lina mabaka. Tukisema maficho, tunataja mahali pa kujificha, si namna ya kujificha. Kuzuga kuna kusudi ndani yake, ila kuna ujanja wa sokoni pia. Kwa sasa nimeandika "rangi ya mficho" kwa jumla, na "mabaka" pale ninapoeleza umbo la mchoro wenyewe. Kinyonga nimemwacha apumzike, maana amekwisha kutumikishwa mno katika mashairi ya siasa.

Shida ya pili ilikuwa majina ya rangi zenyewe, na hapo nikakuta jambo lililonifurahisha. Katika Vita vya Pili vya Dunia, wizara ya anga ya Ujerumani ilizipa rangi namba. Namba 70 na 71 zilikuwa kijani cha giza cha kupakwa mgongoni mwa ndege. Namba 65 ilikuwa buluu hafifu ya kupakwa tumboni, ili anayetazama kutoka chini aone mbingu. Mwaka 1941 ndege hizo zilipopelekwa jangwani Afrika ya Kaskazini, kijani kikageuka kuwa kisaliti, ikaja namba 79, manjano ya mchanga, na chini yake namba 78, buluu ya mbingu ya jua kali. Kule Urusi, theluji ilipoanguka, walizipaka chokaa nyeupe juu ya rangi ya awali.

Sasa tazama Kiswahili. Rangi tulizo nazo kama vivumishi halisi, vinavyobeba upatanisho wa ngeli, ni tatu tu: -eusi, -eupe na -ekundu. Nyingine nyingi tumezipata kwa kulinganisha na vitu. Kijani ni jani. Kijivu ni jivu. Kahawia ni kahawa, manjano ni bizari, zambarau ni tunda, samawati ni mbingu. Msemaji wa Kiswahili anayesema "kijivu" tayari amekwisha kufanya kazi ya fundi wa mficho: amekiita kitu kimoja kwa sura ya kitu kingine. Mjerumani alihitaji namba ili viwanda vyake visipishane, sisi tungehitaji tu kuuliza, "Ardhi ya huko inafanana na nini?"

Na chapa je? Katika ndege za Wajerumani, chapa zilichukua zile rangi tatu zetu za asili. Msalaba mweusi juu ya weupe, na rangi nyekundu pale walipotaka jicho lishtuke. Nyeusi, nyeupe na nyekundu ndizo zilizokuwa rangi za bendera ya dola ya Kaizari, ile iliyopepea Dar es Salaam na katika boma la Dodoma. Kwa hiyo, kwa masikio ya Kiswahili, ndege ile ilijificha kwa rangi za kulinganisha na kujitaja kwa rangi zisizolinganishwa na chochote. Ni sadfa, sikatai. Lakini ni sadfa ambayo mshairi hapaswi kuipita kimya.

Chapa hizo zilizaliwa kwa hofu ya kuuliwa na wenzio. Mwaka 1914 askari waliokuwa ardhini walifyatulia risasi kila kilichoruka. Wajerumani wakapaka msalaba mweusi wenye ncha zilizopanuka. Waingereza wakapaka bendera yao, lakini kwa mbali ule msalaba mwekundu wa katikati ulidhaniwa kuwa ni wa Mjerumani. Kabla ya mwaka huo kwisha, wakaiga duara za Wafaransa na kuzipindua rangi: buluu nje, nyekundu kitovuni. Mwaka 1918 Wajerumani nao wakaunyoosha msalaba wao ukawa wa mistari iliyonyooka, usomeke kwa haraka zaidi. Somo ni lilelile la mwandishi yeyote: haitoshi kuwa na jina, sharti jina lisomeke kutoka mbali.

Wakati huohuo mficho nao ulikuwa ukikua. Kuanzia karibu mwaka 1917 Wajerumani walivalisha ndege zao kitambaa kilichochapwa kiwandani vipande vya pembe nyingi, vya rangi nne au tano, vya giza kwa juu na hafifu kwa chini. Kitambaa kilikuja na mabaka yake, hivyo ndege haikulemewa na uzito wa rangi ya kupaka. Na bado, juu ya vazi hilo la kujificha, marubani walipaka alama zao binafsi. Manfred von Richthofen aliipaka ndege yake rangi nyekundu. Huyo hakutaka mficho. Alikuwa akighani kivugo hewani.

Hapo nawakumbuka washairi wetu na lakabu zao. Amiri Andanenga alijiita Sauti ya Kiza. Ahmad Nassir alijulikana kama Malenga wa Mvita. Lakabu hulifunika jina alilopewa mtu na wazazi wake, na papo hapo humtangaza kuliko jina hilo. Hata katika beti za tamati, mtunzi anapolitaja jina lake kwa kulizungushazungusha, huwa anafanya kazi zote mbili kwa mshororo mmoja. Mpwa wangu nilipomweleza hivyo alicheka akasema, "Basi mjomba, tamati ndiyo mkia wa ndege." Nimeliandika hilo pembeni ya karatasi yake.

Sidhani, hata hivyo, kwamba tunapaswa kuyatazama haya kama mambo ya mbali. Vita hivyo vilipita hapa. Mwaka 1914 rubani Bruno Büchner aliileta Dar es Salaam ndege ya mabawa mawili kwa ajili ya maonesho yaliyokuwa yakiandaliwa. Vita vilipoanza, jeshi likaichukua, nayo haikudumu. Manowari Königsberg, iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja mwezi Septemba 1914, ilijificha katika delta ya Rufiji, milingoti yake ikafungiwa matawi ya miti. Ndege za Waingereza zilizorukia Mafia ndizo zilizoelekeza mizinga hadi meli ile ikaangamia tarehe 11 Julai 1915. Waliojificha kwa matawi walikuwa Wajerumani. Walioifumbua siri walikuwa angani. Mizinga 10 ya meli hiyo ikaopolewa, ikaendelea kupigana nchi kavu.

Mwishoni mwa Julai 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer yaliingia Dodoma. Na mwezi Novemba 1917 ikaja safari ya ajabu kuliko zote. Ndege kubwa ya puto, L 59, yenye urefu wa zaidi ya mita 226, iliondoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 ikiwa na shehena ya takribani tani 15 kwa ajili ya von Lettow-Vorbeck. Haikukusudiwa kurudi. Ngozi yake ingekatwa iwe mahema, bitana yake iwe bendeji, mifupa yake ijengewe minara. Ilivuka bahari na jangwa, ikafika Sudan, kisha ikaitwa kwa redio irudi, kwa kuwa iliaminika hapakuwa tena na mahali salama pa kuipokea. Ikatua Jamboli tarehe 25, baada ya saa 95 hewani, bila kuteremsha hata risasi moja. Siku hiyohiyo von Lettow-Vorbeck alikuwa akivuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Nikiisimulia habari hii, watu huuliza juu ya ile puto. Hawaulizi habari za waliokuwa chini.

Mwaka huo wa 1917, hapa Ugogo, ulikuwa mwaka wa njaa. Jeshi la Wajerumani lilichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Jeshi la Waingereza likaja, likachukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Kisha mvua ikakosekana. Wanahistoria hukadiria kwamba kati ya 1917 na 1920 walikufa takribani watu 30,000 katika nchi ya watu kama 150,000. Bibi yangu mzaa mama hakuujua mwaka wake wa kuzaliwa, bali aliijua njaa hiyo. Umri wake aliuhesabu kuanzia hapo. Alikuwa, alisema, binti anayeota meno ya pili. Ugali ulioganda chunguni hakuuacha mpaka anakufa, na mtoto aliyedondosha tonge chini alimtazama tu, hakumgombeza, na kutazamwa vile kulituuma kuliko fimbo.

Katika mwaka huohuo alizaliwa Mathias Mnyampala, huku Ihumwa, si mbali na Chimwaga. Yeye ndiye aliyekuja kuiandika historia na mila za Wagogo kwa Kiswahili, akawa mwenyekiti wa UKUTA, akatuachia ngonjera. Mshairi mkubwa wa nyanda hizi ni mtoto wa mwaka wa njaa. Kila niisomapo tarehe hiyo, naona kuwa lugha tunayojivunia ilinusurika pia, pamoja na watoto walionusurika.

Wahenga walisema, wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Karatasi za mpwa wangu zimeniongezea jambo katika methali hiyo: tembo hao walijipaka rangi ya nyasi. Walijifananisha na ardhi ambayo hawakuiuliza chochote. Na rangi ya nyasi za Dodoma si moja. Mwezi Februari ni kijani, mwezi Septemba ni manjano kavu juu ya udongo mwekundu, na aliyejificha kwa rangi ya masika hufichuka kiangazi. Anayeishi hapa analijua hilo, hahitaji namba.

Niliyawaza hayo nikaandika ubeti mmoja, ambao nauweka mbele yenu muusahihishe:

Bawa nalo lajificha, adui asilione,
Na chapa halikuacha, wenziwe nao waone,
Mkulima kunakucha, ghala tupu, asinene,
Nani wa kumpa jina, apate kujulikana?

Swali la kituo nimelijibu mwenyewe nilipomkumbuka tena bibi. Hawakungoja kupewa jina na mtu. Njaa ile waliipa jina wao wenyewe kwa Kigogo: Mtunya. Neno hilo ndilo chapa yao. Halimo katika karatasi za maelekezo ya rangi, wala hatukulisoma darasani, lakini wazee walilitamka na kila aliyekuwapo alijua ni lipi linalosemwa, kama rubani anavyoijua alama ya mwenzake kutoka mbali.

Kwa hiyo kazi niliyomfanyia mpwa wangu imekuwa na kurasa mbili. Ya kwanza ina istilahi zake zote: mgongo na tumbo la ndege, ubavu, mabaka, rangi ya mficho, msalaba wa ncha pana na msalaba mnyoofu, mshipi mweupe wa kiwiliwili uliotambulisha ndege za pande za Bahari ya Kati, na herufi za ubavuni, mbili kushoto mwa msalaba za kutaja kikosi, mbili kulia za kutaja ndege yenyewe na kundi lake. Ya pili ina neno moja, Mtunya, na maelezo yake. Nimemwomba asiitenganishe na ile ya kwanza anapowaeleza wenzake.

Nanyi wasomaji nawaomba mawili. Mwenye istilahi nzuri zaidi ya "rangi ya mficho" ailete, tuipime kwa sauti na kwa maana. Na kila mwenye mzee nyumbani amuulize majina ya njaa za kwao, kwa lugha ya kwao, ayaandike na mwaka wake pembeni. Namba za rangi za ndege zimehifadhiwa vizuri na wenyewe. Majina hayo yanatungoja sisi.