Jiwe la Kijani na Ulimi wa Sonara

Neno zumaridi ni tamu kinywani. Lilitufikia kutoka kwa Waarabu, likaketi katika ushairi wetu pamoja na yakuti, lulu na marijani, na malenga anayetaka kumsifu ampendaye halazimiki kulifafanua. Katika ubeti, zumaridi ni kila kitu cha kijani kinachong'aa na kuthaminiwa. Sokoni mambo ni mengine. Huko neno lina bei, na anayelipokea bila kuliuliza maana huweza kurudi nyumbani na kipande cha chupa kidoleni. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kulichunguza neno katika kamusi na katika diwani. Makala haya yanalichunguza mbele ya mizani ya sonara, mahali ambapo maana ikikosewa mtu hupoteza mali.

Kwetu ni Mwabungo, kusini mwa Ukunda, kandokando ya barabara inayotoka Likoni kuelekea Lunga Lunga. Dada yangu mdogo alipoposwa, bibi mzaa mama alitoa bangili yake ya dhahabu ili ifuliwe upya iwe pete na herini za bibi harusi. Bangili hiyo aliinunua kwa fedha za nazi na korosho kabla mama yangu hajazaliwa. Katika miaka ya njaa aliuza mbuzi, akauza hata mlango wa mninga, lakini bangili hakuiuza. Kwetu sisi Wadigo, ambao zamani urithi ulifuata upande wa mama, kitu cha namna hiyo si pambo tu, bali ni amana ya ukoo. Bibi aliitoa kwa masharti mawili: isiyeyushwe mbali na macho yetu, na pete itiwe jiwe la kijani. Mama mkubwa akafasiri sharti la pili papo hapo, “Zumaridi, basi.” Nikatumwa niandamane naye kwa kuwa, kama alivyosema, mimi ndimi niliyesomeshwa maneno.

Duka la kwanza tuliloingia halikuwa mbali na hoteli za ufuoni. Mwenye duka alitutandazia kitambaa cheusi, akamimina mawe manane ya kijani yaliyofanana kama vifaranga wa mama mmoja. Yote aliyaita zumaridi. Yote, kwa kauli yake, hayakuwa na doa hata moja. Mama mkubwa alimuuliza yametoka wapi, akajibiwa kwamba yametoka “nje”. Akauliza kama yametiwa chochote, akajibiwa kwamba kwa mteja mwema kama yeye punguzo halikosekani. Tukashukuru, tukatoka. Njiani alinong'ona, “Mwanangu, mtu niliyemuuliza asili akanijibu bei, nitampaje dhahabu ya mama?”

Kauli hiyo ilistahili kuandikwa, kwa maana ina elimu ndani yake. Zumaridi ya kweli ni aina ya madini yaitwayo berili, ambayo hupata ukijani wake kutokana na chembechembe za kromi au vanadi. Huchimbwa Kolombia na Zambia, na jirani zetu wa Tanzania waliigundua karibu na Ziwa Manyara takriban mwaka 1970. Ni jiwe gumu, lakini kwa kawaida limejaa nyufa na vijidoa vya ndani, kiasi kwamba Wafaransa huviita bustani. Kwa sababu ya nyufa hizo, wauzaji wengi hulitia mafuta ili lionekane safi. Desturi hiyo ni ya kale na si hila, ilimradi mnunuzi aelezwe, kwani moto wa sonara, sabuni kali na miaka ya matumizi huyakausha mafuta na nyufa zikajitokeza. Kwa hiyo zumaridi kubwa isiyo na doa lolote, tena ya bei nafuu, yapasa kutiliwa shaka kabla ya kusifiwa. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba si vyote ving'aavyo ni dhahabu.

Siku ya pili tulivuka feri ya Likoni tukaenda Mji wa Kale wa Mombasa, kwa sonara mmoja mzee ambaye mama mkubwa alielekezwa kwake na mashoga zake watatu, kila mmoja kwa wakati wake. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaichukua bangili. Kabla ya kusema neno aliikwangua kidogo kwenye jiwe jeusi la kupimia, akadondoshea tindikali na kuutazama mstari. “Karati ishirini na moja,” akasema. Akaiweka kwenye mizani, akatugeuzia tarakimu tuzisome wenyewe: gramu 14.

Hapa msomaji mpendwa na atulie kidogo, kwa maana Kiswahili kina mtego. Karati ya dhahabu hupima usafi. Dhahabu safi ni karati 24, na ya karati 21 ina sehemu 21 za dhahabu katika kila 24, yaani asilimia 87.5. Karati ya jiwe hupima uzito, na kila karati moja ni gramu 0.2. Neno ni moja na vipimo ni viwili visivyohusiana. Nimewahi kumsikia mchuuzi akimwambia mteja kwamba jiwe lake ni “karati kumi na nane, safi kabisa”, na mteja akaitikia kwa kichwa. Mchuuzi huyo hakuhitaji kudanganya zaidi ya hapo. Ukosefu wa istilahi ulimfanyia kazi.

Sonara wetu alileta mawe matatu tu na kioo cha kukuzia mara 10. Lile la kwanza alituonyesha viputo vya mviringo ndani yake. “Hii ni chupa. Nimeiweka ili watu waijue.” La pili lilikuwa na ukungu na vijiufa kama mizizi ya mpunga. “Hii ni zumaridi. Imetiwa mafuta.” La tatu lilikuwa dogo kuliko yote, nalo liliwaka. Mama mkubwa akalishika, akasema hiyo ndiyo zumaridi anayoitaka. Mzee akatikisa kichwa. “La, mama. Hilo si zumaridi. Hilo latoka huku kwetu, Taita.”

Lilikuwa ganeti ya kijani, ambayo ulimwengu wa biashara huiita tsavoraiti. Mwanajiolojia Mskoti, Campbell Bridges, aliigundua kaskazini mwa Tanzania mwaka 1967, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaipata Kenya, katika vilima vya Taita. Mwaka 1974 Henry Platt wa kampuni ya Tiffany, New York, aliipa jina kutokana na mbuga ya Tsavo. Bridges mwenyewe aliuawa Agosti 2009 karibu na Voi, aliposhambuliwa na kundi la watu katika mgogoro wa machimbo. Anayeuliza jiwe limetoka wapi, basi, hafanyi udadisi wa bure. Nyuma ya kila kito kuna ardhi, na juu ya ardhi kuna watu.

Mzee alitueleza kwa utaratibu, bila kusukuma. Zumaridi ni ngumu kidogo kuliko ganeti hii ikikwaruzwa, lakini nyufa zake huifanya iogope kugongwa na kupashwa moto. Ganeti kwa desturi haitiwi mafuta, na huupinda mwanga zaidi, ndiyo maana humeta hata ikiwa ndogo. Ni nzito pia kuliko zumaridi, hivyo karati moja yake huonekana ndogo, na zile zinazozidi karati mbili ni adimu. Kisha akamuuliza mama mkubwa swali ambalo muuzaji wa kwanza hakulifikiria: “Mwenye pete afanya kazi gani?” Akajibiwa kwamba ni mwalimu, lakini hukuna nazi, hufua na hulima kama wenziwe. “Basi mawe yote mawili yanafaa kwa sherehe,” akasema, “lakini moja litazeeka vizuri zaidi mkononi mwake. Na nitalizungushia ukingo wa dhahabu pande zote. Kucha zitanasa nguo.”

Mama mkubwa alisitasita. Bibi alitaka jiwe la kijani, na kijiji kizima kilikwisha kuambiwa zumaridi. Aliniuliza kando, “Tukirudi na kitu kisicho na jina, tutasemaje?” Naungama kwamba sikuwa na jibu la haraka. Jiwe limelala ardhini mwetu kwa mamilioni ya miaka, ndugu zetu hulichimba kwa sururu, tena linapatikana hata Kuranze, katika kaunti yetu hii ya Kwale, lakini jina lake lilitungwa ng'ambo ya bahari ili lipendeze katika madirisha ya maduka ya huko. Ndivyo ilivyokuwa kwa tanzanaiti pia, iliyotangazwa kwa jina hilo na kampuni hiyo hiyo mwaka 1968. Anayekipa kitu jina ndiye hukifungulia soko. Nilimjibu mama mkubwa kwamba bibi alitaja rangi, jina tuliliongeza sisi. Akacheka, akasema, “Kweli. Mama hakusema zumaridi.”

Kazi ilichukua siku mbili, na zote mbili tulikaa kibarazani tukitazama. Bangili iliyeyushwa mbele yetu, na mama mkubwa akafuta macho wakati duara lile lilipolegea na kuwa tone. Mwishoni mzee alipima tena. Pete, bila jiwe, gramu 5.2. Herini, gramu 6.1. Vipande vilivyosalia, gramu 2.3, akatufungia katika karatasi. Gramu 0.4 zilipotea katika moto na tupa, naye alizitaja kabla hatujaziuliza. Jiwe lilikuwa la karati 0.8.

Mali bila daftari huisha bila habari. Stakabadhi tuliyopewa iliandikwa kwa Kiswahili, kwa hati iliyopinda: “Dhahabu ya mteja, karati 21. Jiwe si zumaridi. Ni ganeti ya kijani ya Taita. Halikutiwa mafuta.” Bibi aliposomewa alitaka kifungu cha pili kirudiwe. Akaigeuzageuza pete kwenye mwanga wa mlango, akauliza ikiwa Taita ndiyo ile ile ya karibu. Tukamwambia ndiyo. “Basi limekuja kwa miguu,” akasema, na tangu hapo nyumbani kwetu pete hiyo haina jina jingine ila jiwe la Taita.

Nimesoma makala mengi yanayotuhimiza tuunde istilahi za kompyuta na za sheria, na ni wajibu mwema. Ningependa orodha hiyo iongezewe meza ya sonara. Tutenganishe karati na karati. Tupate neno la jiwe lililotiwa mafuta na neno la lile lililoachwa lilivyozaliwa. Mtu wa Mwabungo anapoingia dukani na dhahabu ya mama yake mkobani, hana mizani wala kioo cha kukuzia. Silaha yake ni swali, na swali halina makali likikosa neno lake.