Kununua Ndege Oklahoma City, Kuirusha Arua

Mfanyabiashara wa Dranya, wilayani Koboko, mwenye shughuli Kampala hukesha ndani ya basi. Kutoka Arua pekee hadi Kampala ni karibu kilomita 500, na daraja la Karuma lilipofungwa Septemba 2024 kwa matengenezo, njia ilizidi kurefuka. Angani, Arua na Entebbe zimeachana kama kilomita 375. Cessna Caravan, yenye injini moja ya tabopropu na mwendo wa karibu kilomita 340 kwa saa, huzimaliza kwa saa moja na ushee. Si ajabu mwana wa West Nile aliyeko Texas akiona tangazo la Caravan iliyotumika, akaanza kupiga hesabu.

Huko aliko, ununuzi huanzia kwenye karatasi. Daftari la ndege za kiraia za Marekani liko Oklahoma City, kwa mamlaka ya anga, FAA. Kwa kawaida mtu akiwa na namba ya ndege huweza kujua mwenye ndege ni nani, na mawakala wa mji huo huchimbua kama kuna benki inayoidai. Fedha hushikwa na wakala hadi hati zikamilike. Fundi wa mnunuzi naye huingiza kamera nyembamba ndani ya injini kutazama mapanga yake, kisha husoma vitabu vya kumbukumbu tangu ndege ilipotoka kiwandani. Kitabu kilichopotea hushusha bei zaidi kuliko rangi iliyochubuka.

Uganda, wengi wamezoea kuagiza magari ya Japani, na kwa magari hayo umri ndio neno la mwisho: tangu 2018, gari lililozidi miaka 15 haliruhusiwi kuingia. Ndege ina vipimo vingine. Caravan zilianza kuuzwa miaka ya 1980, na za zamani bado zinabeba abiria. Kinachotazamwa ni saa ilizoruka, mara ilizotua, na kutu, hasa kama iliishi kando ya bahari. Injini yake ya PT6A kwa kawaida hufanyiwa ukarabati mkubwa kila saa 3,600. Iliyobakiza saa 200 ni rahisi leo, ghali mwakani.

Kisha kuna safari ya kuileta. Huvushwa Atlantiki ikiwa na matangi ya ziada ndani ya chumba cha abiria, halafu hufutwa kwenye daftari la Marekani, na mamlaka ya anga ya Uganda huikagua na kuipa namba ya usajili inayoanza na 5X.

Pilatus PC-12 ya Uswisi huvutia zaidi, na hukaribia kilomita 500 kwa saa. Lakini hadi Arua, tofauti ni dakika ishirini hivi! Caravan ina wenyeji: shirika la MAF huzirusha kutoka uwanja wa Kajjansi, na kampuni ya Safarilink kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwa hiyo mafundi wanaoijua wako karibu. Mafuta yake ni Jet A-1, yaleyale ya ndege kubwa za Entebbe, ilhali avgas ya ndege ndogo za pistoni hupatikana kwa shida.

Hata hivyo, kwa mtu mmoja anayekwenda Koboko mara mbili kwa mwezi, kukodi Kajjansi kunatosha. Bima, rubani na banda hulipiwa hata ndege ikiwa imelala. Wafanyabiashara kadhaa wakichanga, hesabu hubadilika. Nao wasitume hata arubuni kabla fundi asiyelipwa na muuzaji hajaichungulia injini.